Magari Yanapanuka, Mitaa Ni Ile Ile

Hotuba kwa wahitimu wa ufundi wa magari na udereva, Dar es Salaam

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na nyinyi wahitimu ambao leo ndiyo siku yenu, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie mabadiliko ya vyombo vya moto. Ningeweza kuwaeleza habari za umeme na kompyuta za ndani ya gari, lakini hayo mmeyasikia sana darasani. Nataka tuzungumzie jambo tunalopishana nalo kila siku bila kulipima: ukubwa. Magari na pikipiki vimebadilika mno kwa urefu, upana na uzito, na sababu zake zinajulikana. Sehemu kubwa ya sababu hizo ni sheria na kodi zilizoandikwa na watu mezani. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na ninalisema mbele ya mgeni rasmi kwa makusudi.

Tuanze na IST, maana hapo nje zimejaa. Toyota IST ya kwanza ilitoka mwaka 2002. Urefu wake ni milimita 3,855 na upana wake 1,695. Mjini tunaiita gari dogo, gari la kuanzia maisha. Sasa chukueni Corolla ya kwanza kabisa, ya mwaka 1966. Ile iliuzwa Japani kama gari la familia nzima, watoto nyuma na mizigo kwenye buti. Urefu wake ulikuwa milimita 3,845 na upana 1,485. Kwa hiyo hii IST tunayoiona ndogo imeizidi Corolla ya familia kwa sentimita moja ya urefu na sentimita 21 za upana. Corolla ile ilikuwa na uzito wa kilo 700 hivi. IST inakaribia tani moja na nyingine zinaipita. Na Corolla yenyewe haikubaki pale: sedani ya kizazi kilichoanza mwaka 2018, ile ya soko la dunia, ina urefu wa milimita 4,630 na upana wa 1,780. Jina halijabadilika, lakini gari limeongezeka karibu sentimita 80 kwa urefu na sentimita 30 kwa upana.

Corolla haiko peke yake. Golf ya Volkswagen ya mwaka 1974 ilikuwa na urefu wa mita 3.7, ya sasa imefika mita 4.28. Fiat 500 ya mwaka 1957 haikufika mita 3. Iliyofufuliwa mwaka 2007 ina mita 3.55. Land Rover ya mwaka 1948, ile iliyofungua njia za porini Afrika nzima, ilikuwa na urefu wa mita 3.35 na upana wa mita 1.55. Defender ya leo ya 110, ukihesabu na tairi la spea mgongoni, ina urefu wa mita 5, na upana wake ni karibu mita 2. Huko Ulaya taasisi ya Transport & Environment ilipima ikatangaza mwanzoni mwa mwaka 2024 kwamba gari jipya la wastani limefika upana wa sentimita 180.3, na kwamba upana huo unaongezeka kwa sentimita moja kila miaka miwili. Kwa mwaka mmoja huwezi kuona tofauti. Ndani ya miaka ishirini ni sentimita kumi, na mstari wa maegesho uliochorwa enzi za babu hausogei.

Kwa nini imekuwa hivi? Sababu ya kwanza ni njema, na lazima tuitaje kwa heshima. Gari la miaka ya 1960 likigonga ukuta, usukani uliingia kifuani mwa dereva. Leo sehemu ya mbele imetengenezwa ibonyee ili imeze nguvu ya kishindo, milango ina vyuma ndani, mifuko ya hewa imejaa pande zote. Vyote hivyo vinataka nafasi na vina uzito. Ukiongeza kiyoyozi, viti vinene na bitana za kuzuia kelele, gari linapanuka. Halafu likiongezeka uzito linataka breki kubwa zaidi, breki kubwa inataka rimu kubwa, na injini nayo inaongezwa nguvu ili ivute vyote hivyo. Nyinyi mnaofunga na kufungua mnajua jinsi kilo moja inavyoita kilo nyingine.

Sababu ya pili ni biashara. Kiwanda hupata faida kubwa zaidi kwenye gari kubwa, kwa sababu kulitengeneza hakugharimu zaidi kwa kiasi kile kile cha bei kinachoongezwa. Kwa hiyo kila kizazi kipya cha gari kinanenepeshwa kidogo, na pengo linaloachwa chini linajazwa na jina jipya. Shirika la Kimataifa la Nishati lilisema kwamba mwaka 2023 magari ya aina ya SUV yalikuwa asilimia 48 ya magari yote mapya yaliyouzwa duniani. Yaani karibu nusu.

Lakini ukubwa haukupanda moja kwa moja. Umewahi kushuka, na ulishuka kwa sababu. Mwaka 1956 Misri iliutaifisha Mfereji wa Suez, vita ikafuata, na petroli ikawa haba Uingereza hadi ikatolewa kwa mgao. Kampuni ya BMC ikamkabidhi mhandisi wake Alec Issigonis kazi ya kutengeneza gari dogo la watu wanne. Mwaka 1959 ikatoka Mini, mita 3.05 tu kutoka bampa hadi bampa. Siri yake ilikuwa kuilaza injini kukingama, giaboksi ikakaa chini yake, na magurudumu ya mbele ndiyo yakavuta. Karibu asilimia 80 ya sakafu ya gari ikabaki kwa watu na mizigo. Wahitimu, kila mnapofungua boneti ya Vitz au Passo mkakuta injini imekaa kukingama, mnaangalia mtoto wa wazo lile. Kuihamishia giaboksi pembeni ya injini, kama tulivyozoea, kulikuja na Autobianchi Primula mwaka 1964, kazi ya wahandisi wa Fiat. Nawaheshimu sana watu hawa. Walipewa nafasi ndogo, wakatumia akili.

Marekani walichelewa kushuka. Katikati ya miaka ya 1970 Cadillac Eldorado ilikuwa na urefu wa mita 5.7 na injini ya lita 8.2. Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ukaipandisha bei ya pipa karibu mara nne, na mwaka 1975 Bunge la huko likapitisha sheria ya kupunguza unywaji wa mafuta. Mwaka 1977 General Motors ikayafupisha magari yake makubwa. Ingeweza kuishia hapo. Sheria ile, hata hivyo, iliyapa magari ya mizigo mepesi kipimo chake chenye unafuu, kwa kufikiria wakulima na mafundi. Viwanda vikaona mlango uko wazi. Vikachukua fremu ya pikapu, vikaweka viti vya ngozi na kioo cha giza, vikaiuzia familia ya mjini. Baadaye, kanuni zilizoanza mapema miaka ya 2010 zikaweka lengo la mafuta kulingana na eneo lililo kati ya magurudumu manne: gari likiwa pana na refu zaidi, lengo lake linakuwa jepesi zaidi. Sheria iliyokusudiwa kuokoa mafuta ikawa inamtuza anayepanua gari. Mtu akikuambia magari yamekuwa makubwa kwa sababu wateja wametaka tu, mwambie asome sheria hiyo kwanza.

Sasa twendeni Japani, kwa sababu magari yetu mengi yanatoka huko yakiwa yametumika, na mwili wa gari la Mjapani umechongwa na sheria za Japani. Kule gari la kundi la kati halitakiwi kuzidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na injini ya cc 2,000. Likizidi, linaingia kundi la juu. Ndiyo maana kila mkipima gari la Kijapani la miaka ile mnakuta 1,695, mnakuta 1,690. Vitz ya mwaka 2005 ni 1,695. IST ya kwanza ni 1,695. HiAce ya kawaida ya mwaka 2004 ni 1,695 kwa upana na 4,695 kwa urefu: wamebakiza milimita tano kila upande wa sheria. Na mwaka 2012 Toyota walifanya jambo la nadra. Corolla Axio mpya ya soko la Japani ilitoka fupi kuliko iliyotangulia kwa milimita 50, na upana wakauacha palepale 1,695. Axio hiyo na ndugu yake Fielder ndizo zinazojaza barabara za Nairobi na Mombasa leo. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kupunguza. Kinahitaji tu sababu.

Chini ya kundi hilo kuna magari ambayo Wajapani wanayaita kei. Yalianza kutambuliwa kisheria mwaka 1949. Kwa miaka mingi injini yake haikuruhusiwa kuzidi cc 360, kisha mwaka 1976 ikawa 550, na mwaka 1990 ikawa 660. Tangu mwaka 1998 mwili wake hauruhusiwi kuzidi urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48. Mwenye gari hilo hulipa kodi ndogo, na sehemu nyingi za nchi husamehewa ule utaratibu wa kuonyesha ushahidi kwamba una mahali pa kuegesha kabla ya kusajili gari, utaratibu uliowekwa na sheria ya mwaka 1962. Matokeo yake ni kwamba zaidi ya theluthi moja ya magari mapya yanayonunuliwa Japani ni hayo madogo. Na sisi tunayafahamu vizuri: Kirikuu ni mmoja wao. Ile Suzuki Carry inayobeba nyanya, viti vya harusi na mifuko ya saruji kwenye vichochoro vya Tandale imezaliwa na sheria ya maegesho na kodi ya Japani. Kisheria kule inaruhusiwa kilo 350 za mzigo. Tunavyoipakia hapa mnajua wenyewe, na nyinyi ndio mtakaobadilisha springi zake.

Nije kwenye pikipiki, ambako hadithi imegawanyika njia mbili.

Mwaka 1958 Honda walitoa Super Cub, cc 49, pikipiki ambayo muuza chakula angeweza kuiendesha kwa mkono mmoja. Mwaka 2017 walitangaza kwamba wamefikisha Super Cub milioni 100. Hakuna chombo cha moto kilichotengenezwa kwa wingi kuifikia. Kampuni hiyohiyo mwaka 1969 ilileta CB750, silinda nne, kilo zaidi ya 200, na watu wakaona huo ndio mwisho wa ukubwa. Haukuwa mwisho. Gold Wing ilianza katikati ya miaka ya 1970 na cc 999. Ya leo ina cc 1,833 na silinda sita. Triumph ya Uingereza inauza Rocket 3 yenye cc 2,458. Injini hiyo inaizidi ya Noah, na imebebeshwa magurudumu mawili. Kwenye nchi tajiri pikipiki iliacha kuwa chombo cha kazi ikawa ya matembezi ya mwisho wa wiki, na chombo cha matembezi hakina sababu ya kujizuia.

Huku kwetu ilishika njia nyingine. Bodaboda imebaki cc 100, 125, 150. Boxer, TVS na zile za Kichina ambazo nyingi zilifuata muundo wa Honda CG125, pikipiki ya katikati ya miaka ya 1970. Wahandisi wa CG125 walijua inakwenda mahali ambapo oili hubadilishwa kwa kuchelewa na fundi hana vifaa, wakaacha kamshafti ya juu na cheni yake, wakatumia vijiti vya kusukuma vali. Ni uamuzi wa kumheshimu mtumiaji, na hadi leo unalisha familia kuanzia Kigoma hadi Bukavu. Pikipiki yenyewe haikukua. Kilichokua ni mzigo. Mishikaki ya abiria watatu, kreti za soda, kitanda cha sita kwa sita, jeneza. Fremu na breki za chombo cha kilo mia na kitu hazikukadiriwa hivyo, na kijana anayekuja kwako na shokapu zimelala mwambie ukweli huo kabla hujamfungia nyingine.

Na hapa pia sheria ilifanya kazi yake. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea kodi pikipiki zisizozidi cc 250. Ndani ya muda mfupi bodaboda zikafurika kila kata. Serikali moja ya hapa kwetu Afrika Mashariki, kwa mstari mmoja wa bajeti, ilichagua ni ukubwa gani wa chombo utawabeba wananchi. Hata ushuru wetu wa magari hupanda kadiri cc zinavyopanda. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba sisi ni wapokeaji tu wa vinavyotupwa na wengine. Uwezo wa kuchagua tunao, na tumekwisha kuutumia.

Ndugu zangu, kwa nini nalisemea jambo hili kwa uchungu? Kwa sababu ya wanaotembea kwa miguu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilisema asilimia 44 ya wanaokufa barabarani Afrika ni waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Hakuna bara lenye sehemu kubwa kuliko hiyo. Na Novemba 2023 taasisi ya Marekani ya IIHS, inayogharamiwa na kampuni za bima, ilitoa utafiti wa ajali karibu 18,000 za watembea kwa miguu. Gari lenye boneti iliyopita inchi 40 kutoka chini, yaani kama mita moja, lina uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kumuua linayemgonga kuliko gari lenye boneti isiyozidi inchi 30 na pua iliyolala. Gari la chini humpiga mtu miguuni akaangukia juu ya boneti. Gari lenye boneti ya juu humpiga kifuani, na kama ni mtoto, kichwani. Shangingi likisimama mbele ya shule ya msingi, mtoto wa darasa la kwanza aliye karibu na bampa dereva hamwoni kabisa. Madereva, kumbukeni hili kila mnapoondoa gari asubuhi.

Kisha kuna nafasi. Tazameni HiAce ya daladala ya kipimo nilichotaja, au matatu ya watu 14 ya Kenya: inakalia karibu mita za mraba 8 za barabara. Land Cruiser V8, ile ya 200, inakalia karibu mita za mraba 10, mara nyingi ikiwa na dereva na bosi mmoja. Mitaa ya Kariakoo ilipimwa wakati magari yalikuwa machache na membamba. Leo gari pana likiegeshwa kila upande, kinachobaki katikati wanagombania mkokoteni, bodaboda, Bajaji, machinga na mama mwenye ndoo kichwani. Na aliyeegesha gari pana huwa amepandisha magurudumu mawili kwenye njia ya waenda kwa miguu, kwa sababu pengine hapamtoshi.

Najua mtasema: mwalimu, barabara zetu mbovu, na msibani Njombe au Kasulu huendi na Passo. Ni kweli, na simlaumu mtu anayenunua gari la kumfikisha kwao wakati wa masika. Lakini tutenganishe mambo kama mafundi. Njia mbovu inataka uwazi chini ya gari, kona fupi za mbele na nyuma, na magurudumu manne yanayovuta. Haitaki upana wa mita 2 wala tani mbili na nusu. Kwenye tope uzito ni adui. Suzuki Jimny ilianza mwaka 1970 na injini ya cc 359, na hata ya leo ya soko la Japani imebaki ndani ya mita 3.4 kwa 1.48, ina fremu ya ngazi na gia ya chini ya porini. Probox zinazokimbiza miraa kutoka Meru hazikusubiri kuwa pana. Na Toyota walipotoa Land Cruiser 300 mwaka 2021 waliuacha urefu na upana kama wa 200, wakapunguza uzito kwa kilo 200 hivi. Heshima ya mtu isipimwe kwa upana wa gari. Hilo nawaomba wazazi mlisikie pia, kwa sababu kijana huingia deni la miaka kwa ajili ya macho ya majirani.

Umeme nao unakuja, na usidhani utatupunguzia ukubwa wenyewe. Hummer ya umeme ina uzito wa kilo 4,100 hivi, na betri yake peke yake ni kama kilo 1,300, uzito wa IST na abiria wake. Huku Kigali pikipiki za umeme zinabadilishiwa betri vituoni na kurudi kazini, vyombo vidogo kwa kazi ileile ya jana. Zote mbili zinaitwa usafiri safi. Mimi najua ningependa ipi ipite mbele ya nyumba yangu.

Wahitimu, kuanzia wiki ijayo mtaombwa ushauri: nichukue gari gani? Mkiombwa, uliza kwanza linabeba watu wangapi siku za kawaida, linalala wapi, na njia ya kwake ina upana gani. Anayetaka kuinua IST kwa spesa mweleze inavyobadilika kwenye kona. Anayetaka ngao ya chuma mbele ya gari la mjini mwambie inamgonga nani.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwako nina ombi. Jijini Paris, tarehe 4 Februari 2024, wakazi walipiga kura, na walio wengi kati ya waliojitokeza wakakubali ada ya maegesho ya magari mazito ya wageni ipandishwe mara tatu, hadi euro 18 kwa saa katikati ya jiji. Sikuombi tuige euro zao. Naomba halmashauri itakapochora upya maegesho ya Kariakoo na Ilala, ada ifuate eneo ambalo gari linakalia, magari yasiyozidi mita 3.4 yapewe nafasi zake na bei yake, na mstari wa njia ya waenda kwa miguu uchorwe kwanza kabla ya mstari wa gari lolote. Chuo kina karakana, kina vijana wanaojua kupima, na vipimo vya magari yanayoingia hapa mjini tuko tayari kuvikusanya na kukuletea ofisini bila malipo.

Asanteni sana.